Filimbi ya Kinu

Ukitaka kugombana na Wambeti, mwambie kinu chake kina kasoro. Ukimwambia nyumba yake inavuja, atakuonyesha mwenyewe mahali pa kuweka ndoo. Ukimwambia Tabby, binti yake wa pekee, ni mzito wa kuamka, atacheka na kukuongezea mengine usiyoyajua. Lakini kinu, hapana. Kinu hicho cha kusaga mahindi na mtama kiko nyuma ya soko la Kianjokoma, chini ya mabati yaliyogeuka meupe kwa vumbi la unga, na Wambeti amekiendesha kwa miaka ishirini na miwili, tangu mumewe afariki na shemeji zake wamwambie mashine si kazi ya mwanamke. Shemeji hao sasa husaga kwake, na hupanga foleni kama watu wengine.

Ana namna yake ya kukiwasha. Kila asubuhi, hata ile baridi ya kutoka msituni ikiwa ya kukata masikio, huvua ndara zake na kusimama peku kwenye sakafu ya saruji. Kisha huvuta injini. Mngurumo ukianza, hufumba macho na kusikiliza kwa nyayo. Nyundo moja ya kuponda nafaka ndani ikiwa imelegea, yeye huijua kwa kisigino. Mkanda ukiwa umekaa upande, huujua kwa vidole. Mafundi wa Embu mjini wamewahi kuletwa na watu wenye vinu vyao ili waone jinsi mama huyo anavyofanya, wakaondoka wakitikisa vichwa. Wambeti alizipenda sana safari hizo, ingawa alijifanya zinampotezea wakati.

Mambo mengine hayakuwa yakimpendeza. Kwa miaka kadhaa alikuwa akilalamika kwamba watoto wa siku hizi wanamung'unya maneno, kwamba akina mama wa kwaya wamekuwa wavivu wa kupandisha sauti, kwamba simu zinazouzwa sasa hazilii ipasavyo. Ndege nao, alisema, wamepungua Kianjokoma. Watu walimwitikia tu, kwa sababu kubishana na Wambeti ni kazi ya siku nzima, na wengi walikuwa na chai ya kuchuma.

Basi mwezi wa Januari, saa nne za asubuhi, Mutegi alitokea mlangoni pa kinu. Mutegi ni mlinzi wa usiku katika kiwanda cha majani chai, mtu wa kutoka huko chini Gachoka aliyenunua kipande cha ardhi mkabala na kinu na kujenga chumba cha mabati. Alikuwa bado amevaa koti zito la kazi, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kwenye moshi.

“Mama Tabby,” alisema, “kinu chako kinapiga filimbi.”

Wambeti alitega sikio. Alisikia mngurumo aliouzoea, akasikia mahindi yakigonga chuma. Akavua ndara, akasimama peku, akangoja. Nyayo zake zilimwambia kila kitu kiko sawa.

“Filimbi gani?”

“Hiyo! Hiyo hapo! Inaingia kwa kichwa kama sindano. Mimi hulala mchana, Mama Tabby. Sijalala tangu Jumatatu.”

Wambeti alimtazama toka juu hadi chini. Alikumbuka kwamba mwaka ule mumewe alipozikwa, matanga hayajaisha, Mutegi huyu ndiye aliyekuja kuuliza kama ploti ya kinu inauzwa. Hakuwa amemsamehe siku hiyo, na hakuona sababu ya kumsamehe sasa.

“Hii ploti uliikosa nikiwa na machozi,” alisema. “Na sasa umekuja na filimbi. Toka kwa mlango wangu.”

Hapo ndipo vita vilipoanza. Mutegi alirudi mara tatu, na kila mara akafukuzwa kwa maneno makali kuliko ya kwanza. Mara ya nne hakuja yeye, lilikuja jiwe, likatua juu ya mabati kwa kishindo kilichomfanya Kathambi, jirani wa upande wa nyuma, amwage debe zima la mahindi. Wambeti alijibu kwa kuanza kusaga saa moja kabla ya wakati wake wa kawaida, ili mlinzi akitoka kazini akute kinu kimeshaamka. Pumba zote alizozifagia alizimwaga chini ya michongoma ya Mutegi, panya wakafurahi. Mutegi naye akaanza kumwita kiziwi, tena sokoni, mbele ya watu. “Huyo mama ni kiziwi! Hasikii kinu chake mwenyewe!” Wambeti aliyasikia matusi hayo barabara kabisa, na akaona yametosha kuonyesha jinsi mtu huyo alivyo mwongo. Alimchukia kwa moyo wake wote. Alikuwa akimchukia hata wakati wa kuomba.

Mwezi wa Mei, Mutegi alipeleka barua ofisi ya kaunti, na Jumanne moja ya manyunyu afisa wa mazingira akaja. Alikuwa kijana wa Kimeru, mpole, kwa jina Kaimenyi, amevaa buti safi ambazo Wambeti alizidharau mara moja. Mkononi alikuwa na simu na kifaa kidogo cha kupimia kelele, chenye kichwa cha sifongo. Mutegi alimfuata nyuma akiwa amekunja mikono.

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Kathambi alikuwa wa kwanza, ameegemea gunia lake. Tabby alikuwa kwenye mdomo wa kinu akimimina mahindi. Wambeti hakuzima injini. Alitaka kila mtu aone.

“Pima,” alimwambia afisa. “Pima mpaka uchoke. Halafu uandike huyu mtu ni mwongo.”

Kaimenyi alipima ndani, akapima mlangoni, akaenda akapima kwenye dirisha la Mutegi, akarudi. Kisha akamsogelea Wambeti na kuongea karibu na uso wake.

“Mama, wewe hiyo filimbi unaisikia?”

“Hakuna filimbi. Uliza hawa watu. Wanakuja hapa kila wiki. Kathambi, mwambie.”

Kathambi alianza kufunga gunia lake ambalo lilikuwa limeshafungwa. Mwanamume aliyekuwa nyuma yake aligundua kitu cha kutazama barabarani. Wambeti akamgeukia binti yake, na Tabby akazidi kumimina mahindi, kichwa chini, kana kwamba yangeisha asipoyaangalia.

Kaimenyi alimwonyesha simu. Kwenye kioo kulikuwa na mstari uliopandapanda. “Huku kushoto ni sauti nzito, huo mngurumo. Uko kawaida, sina shida nao. Sasa angalia huku kulia.” Upande wa kulia palisimama mwiba mmoja mwembamba, mrefu kupita vyote. “Hii ndiyo filimbi.”

“Hiyo simu ni ya nani? Si ni yako? Itasema chenye unataka.”

Mutegi alicheka. Kijana wa buti safi hakucheka. Aliomba injini izimwe, na ilipozimwa akamwomba Wambeti ainue mkono kila anaposikia sauti kutoka kwenye simu. Wambeti alikubali kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Ilitoka sauti nzito kama ya ng'ombe, akainua mkono. Ikatoka nyingine ya juu kidogo, akainua mkono. Ya tatu ilikuwa hafifu, lakini aliipata, akainua mkono juu zaidi ili Mutegi auone. Kisha Kaimenyi akabonyeza tena, na Wambeti akangoja.

Aliona Kathambi akiziba masikio kwa viganja. Aliona mtoto mgongoni mwa mama mmoja akikunja uso na kuanza kulia. Tabby aliinua bega kulifikisha sikioni.

“Anza basi,” Wambeti alisema.

“Nimeshaanza, mama,” Kaimenyi akajibu. “Inalia sasa hivi.”

Hakuna aliyecheka, hata Mutegi. Wambeti alitamani wangecheka, angepata wa kumrukia. Aliona aibu, na juu ya aibu hiyo akaweka hasira, kwa sababu hasira alijua namna ya kuibeba.

“Na mbona Kathambi halalamiki? Si anakaa hapo nyuma tu? Karibu kuliko huyu!”

Kaimenyi alichuchumaa, akachora kwa kidole kwenye unga uliotapakaa sakafuni. Sauti, alieleza, ni hewa inayosukumwa na kurudi, mawimbi yakifuatana. Mngurumo wa kinu unaisukuma hewa kama mara hamsini kwa sekunde moja, na mawimbi yake ni marefu kuliko chumba hiki, kwa hiyo yanazunguka kona na kumfikia kila mtu. Ile filimbi inaisukuma mara elfu nne. Wimbi lake halifiki upana wa kiganja. “Wimbi fupi hivyo halipindi kona vizuri. Linaenda moja kwa moja kama mwangaza wa tochi. Linatoka kwa dirisha lako hili, linaingia kwa dirisha lake lile. Huyo wa nyuma amekingwa na ukuta.”

“Mimi nasikia na miguu,” Wambeti alisema. Ilikuwa sauti ya mtu anayejitetea, na yeye mwenyewe aliitambua. “Miguu yangu haijawahi kunidanganya.”

“Haikudanganyi. Inashika huo wa mara hamsini vizuri sana, pengine kuliko mashine yangu. Lakini wa mara elfu nne ngozi haiwezi kuufuata. Huo ni wa sikio peke yake.” Kijana alijigusa sikio. “Na ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo vimepangwa. Vya sauti nyembamba viko karibu na mlango, kelele zote zinapita juu yake. Ndivyo huisha kwanza, kama zulia la mlangoni. Mama, umekaa na hii injini miaka mingapi?”

Wambeti aliufuta mchoro ule kwa unyayo. Kaimenyi alisimama, akaandika karatasi, akamsomea kwa sauti nzito na ya polepole ambayo ilimuudhi kuliko maneno yenyewe. Filimbi hiyo ilikuwa ya beringi kavu. Angerudi Alhamisi asubuhi. Akiikuta imenyamaza, basi. Akiikuta bado inalia, angefunga mlango kwa kufuli ya serikali, na kinu kisingesaga tena mpaka kesi iamuliwe Embu. Kila mtu aliyekuwa hapo alijua kesi za Embu huchukua muda gani. Kinu cha mtu mwingine kingefunguliwa sokoni kabla hata kesi haijasikilizwa mara ya kwanza.

Watu walipoondoka, Wambeti alimshika Tabby mkono.

“Ulikuwa unaisikia?”

“Ndiyo, Mami.”

“Tangu lini?”

“Tangu Januari.”

“Na ukaninyamazia! Miezi minne unaniacha nitukanwe sokoni, na ni kweli!”

“Ningekuambia ungesema nimelishwa maneno na Mutegi,” Tabby alisema, na machozi yakamlengalenga. “Ungesema nataka kinu kiuzwe. Kathambi alijaribu siku moja, unakumbuka? Ukamrudishia mahindi yake hayajasagwa.”

Wambeti alikumbuka. Alikuwa amefikiri Kathambi anatania. Aliuachia mkono wa binti yake, akaenda kukaa kwenye gunia, akawachukia wote kwa zamu: binti yake, Kathambi, watu wote wa foleni waliomchekea na kumwitikia huku masikio yakiwauma. Walimheshimu mpaka wakamfanya mjinga. Mtu mmoja tu alikuwa amemwambia ukweli, na huyo alikuwa Mutegi. Afadhali angekuwa yeyote mwingine duniani.

Jumatano asubuhi alifungua kinu. Mhimili unaozungusha nyundo umeshikiliwa na beringi mbili, moja upande wa mdomo na moja upande wa puli, lile gurudumu linalovutwa na mkanda. Ile ya upande wa mdomo aliikuta imekauka, grisi imekuwa ngumu kama ugali wa jana. Akaichomoa, akaweka mpya, akapaka grisi mpaka kwenye viwiko. Ya upande wa puli hakuigusa. Fundi alikuwa ameibadilisha mwaka uliopita, na kuifikia kunahitaji kuvua mkanda na puli yote, kazi ya nusu siku. Saa tano akavuta injini.

“Imenyamaza?” aliuliza.

“Imenyamaza, Mami,” Tabby akasema, haraka mno.

Kathambi alikuwa amekuja kuchungulia. “Imenyamaza kabisa, Mama Tabby! Ni tamu sasa!”

Wambeti aliwatazama nyuso. Ni watu hawa hawa, na tabasamu ni lile lile la miezi minne. Wangemwambia imenyamaza hata kama inapasua mawe. Alisimama peku katikati ya sakafu, nyayo zikipokea mngurumo mzuri, mzito, usiomwambia lolote, na kwa mara ya kwanza katika kinu chake mwenyewe akaogopa. Kesho kufuli ingewekwa kwenye mlango huu, naye asingejua kwa nini mpaka aonyeshwe tena kwenye simu.

Akavaa ndara. Akavuka barabara.

Mutegi alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya chumba chake, koti la kazi bado mwilini, viganja vimebana kichwa. Alipomwona, alisimama kana kwamba anangoja kupigwa.

“Nimebadilisha beringi,” Wambeti alisema. Maneno yalimtoka moja moja. “Nataka uniambie. Bado inalia?”

Mutegi aligeuza shingo, akatega sikio upande wa kinu. Wambeti alijua mtu huyo anafikiri nini, kwa sababu yeye mwenyewe angefikiri hivyo hivyo: ilitosha kusema imenyamaza. Neno moja, na kesho kinu kingefungwa na yeye alale mpaka Krismasi.

“Imepungua,” Mutegi alisema. “Haijaisha. Kuna nyingine ndani yake, nyembamba zaidi. Jana zilikuwa mbili. Sasa imebaki moja.”

“Mbona unaniambia?”

“Usifikirie nakupenda. Mimi natamani hiyo kinu iungue. Lakini huyo afisa atakuja kesho, na mimi nataka kulala leo. Ukifungiwa, utaenda kortini, utafunguliwa, utarudi na filimbi yako na kiburi chako. Nimechoka. Toa hiyo kitu, halafu usikanyage hapa tena.”

“Na jiwe ulilotupa kwa mabati yangu?”

“Ningekuwa na nguvu ningetupa lingine.”

Wambeti aligeuka bila kuaga. Akiwa katikati ya barabara aligundua kwamba amemwamini kila neno, na jambo hilo lilimchoma kuliko karatasi ya serikali. Hakumwamini binti yake aliyemzaa, na alimwamini adui.

Alizima injini, akaivua puli. Tabby alimshikia spana bila kuulizwa. Saa nane walifika kwenye beringi ya pili. Fundi yule wa mwaka jana alikuwa ameibadilisha kweli, ila hakuwa ameipaka grisi hata ya kulambisha kidole. Ilikuwa na rangi ya buluu kwa kuungua. Wambeti alimlaani fundi huyo pamoja na mama yake, akaitoa, akaweka nyingine, akarudisha puli, akakaza mkanda. Saa kumi kasoro robo alivuta injini kwa mara ya pili.

Hakumuuliza Tabby kitu. Alimpa mahindi ya kumimina, ili kinu kifanye kazi kama siku zote, akavuka barabara tena ingawa alikatazwa.

Kiti kilikuwa kitupu. Aligonga ukuta wa mabati kwa kidole, hakujibiwa. Dirisha lililotazama kinu lilikuwa wazi, pazia limefungwa fundo ili hewa ipite. Wambeti alichungulia. Mutegi alikuwa amelala chali kitandani, buti miguuni, koti halijavuliwa, mdomo wazi. Nyuma ya Wambeti kinu kilikuwa kinanguruma kwa nguvu zake zote, na mtu huyo alikuwa anakoroma. Mkoromo wake ulikuwa mzito, na Wambeti aliusikia vizuri.

Basi filimbi haikuwepo. Kinu kilikuwa chake bado, na kesho kijana wa buti safi angepima na kwenda zake. Alipaswa kufurahi, na alifurahi, lakini furaha hiyo ilikuja na hamu kali ya kulipiga bati teke, mara moja tu, mlinzi aruke kutoka kitandani akidhani ni moto. Aliinua mguu. Akauona uso ule uliochoka, uliozeeka kwa miezi minne, akaushusha. Aliondoka dirishani akinyata, akijitukana kwa kunyata.

Tabby alikuwa amesimama mlangoni pa kinu, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Midomo yake ilikuwa inacheza. Siku zingine Wambeti angemkemea kwamba anamung'unya, au angeitikia tu na kupita. Leo alisimama mbele yake.

“Sijasikia,” alisema. “Rudia. Toa sauti nzito.”